Turudishieni mapumziko ya sinema

Siku hizi kabla ya kukata tiketi siangalii nani kaigiza wala nani kaongoza. Naangalia dakika. Zikizidi 150 naanza kupanga: mchana ninywe maji kiasi gani, nani akae kiti cha pembeni karibu na njia, na kama mke wangu atakubali kunisimulia nilichokosa bila kunisimanga. Mtu anayekwenda kustarehe hapangi mambo ya namna hii. Huyu ni abiria wa basi la usiku ambalo dereva ameshatangaza kwamba njiani hakuna kuchimba dawa.

Mimi ni mtazamaji wa mwisho wa mwezi. Mshahara ukiingia, kodi ikilipwa, ada ikipunguzwa kidogo, kikibaki kitu tunakwenda sinema Jumamosi. Sifuatilii tuzo. Sijui tofauti ya kamera hii na ile, na miwani ya 3D inaniuma kichwa. Kwa hiyo ninachodai hapa hakihitaji utaalamu wowote: filamu ikizidi saa mbili na nusu isimamishwe katikati, taa ziwashwe, watu watoke kwa dakika kumi au kumi na tano, warudi, tuendelee.

Hesabu zenyewe zinatosha kunitetea. Avengers: Endgame ya 2019 ni dakika 181. Avatar: The Way of Water ya 2022 ni dakika 192. Oppenheimer, 2023, dakika 180. Killers of the Flower Moon, mwaka huohuo, dakika 206. Hapo hujaweka matangazo ya mwanzo ya benki, bia na filamu zijazo, ambayo yanaweza kula robo saa nyingine. Na hizo za mashujaa wa Marvel zimetuzoesha kukaa mpaka majina ya mafundi umeme yaishe kupita, eti kuna kipande mwishoni. Ukiingia saa tatu usiku unatoka saa sita imeshapita, daladala hakuna, na bodaboda anakutajia bei huku akijua kabisa huna pa kukimbilia.

Watu wengine husema ndivyo sinema ilivyo, filamu ni kitu kimoja kizima, ukiikata umeiharibu. Lakini filamu ndefu za zamani, zile wanazozitaja kwa heshima, zilikatwa na waliozitengeneza wenyewe. Gone with the Wind ya 1939 ina mapumziko. Ben-Hur ya 1959 ina mapumziko. Lawrence of Arabia ya 1962, hali kadhalika. Hata Gandhi ya 1982 ilikuwa nayo. Hakuna aliyewaita waongozaji wale wahuni wasiojua kazi.

Ukumbi nao ulishazoea kukatakata. Filamu ilikuwa mkanda hasa, unaoshikika kwa mkono, na reli moja kubwa ilichukua kama dakika ishirini tu. Ukumbi wenye projekta mbili ulibadilishana, hii ikiisha ile inaanza, na fundi akiwa makini mtazamaji hakugundua kitu. Ukumbi wenye projekta moja ulisimama, mkanda ukabadilishwa, watu wakapiga miluzi. Baadaye zikaja sahani kubwa za kulaza mkanda wote ukiwa umeunganishwa, halafu ikaja dijitali na filamu nzima ikawa faili kwenye diski. Sababu ya kiufundi ya kusimama ikaisha. Ila kibofu cha mkojo hakijapata toleo jipya.

Shangazi yangu aliukuta ujana wake katika Dar es Salaam ya miaka ya 70, ya Empire, Avalon na Odeon pale mjini, na ile sinema ya kwenye magari kule Msasani, uwanja ambao leo una ubalozi wa Marekani. Ukimuuliza filamu alizoziona anachanganya. Huyu alikuwa Rajesh Khanna au Dharmendra, hakumbuki, nyimbo anaimba nusunusu. Muulize mapumziko, anakupa kila kitu: nani alikuwa amevaa nini, karanga ziliuzwa wapi, kijana gani alijifanya anatafuta choo ili apite karibu na kiti cha binti fulani. Na jambo moja kubwa ambalo mimi sikulifikiria mpaka aliposema. Filamu zilikuwa za Kihindi, hazina maandishi ya Kiswahili chini, na si kila mtu alielewa yanayosemwa. Kwa hiyo katika mapumziko wale waliokuja mara ya pili au ya tatu ndio waliowafafanulia wengine: yule mzee ni baba yake halisi, hajui tu, ngoja utaona. Nusu ya pili watu waliingia wakiwa wamejua wanalia kwa ajili ya nini.

Kizazi chetu kilipata mapumziko kwa njia nyingine. VCD moja ilibeba kama dakika 80 tu, kwa hiyo filamu ya Kihindi ilikuja na diski mbili, mara nyingine tatu. Diski ya kwanza ikiisha, mtu mmoja anainuka kubadilisha, na hapo ndipo watu walienda uani, chai ikamiminwa, mtoto akalazwa, na ubishi ukaanza: stelingi hawezi kufa, atafufuka tu. Bongo Movie nazo ziliuzwa Part 1 na Part 2. Tulinung'unika kwamba ni ujanja wa kutuuzia mara mbili, na kweli ulikuwa ujanja, lakini kati ya Part 1 na Part 2 mtaa mzima ulikuwa na la kuzungumza.

Halafu vibanda umiza. Mabenchi ya mbao, feni moja, mlango umefunikwa pazia zito, na sauti ya Lufufu ikikutafsiria Mchina anayepigana kana kwamba amezaliwa Manzese. Humo ndani mapumziko yaliletwa na umeme. Ukikatika, watu wanatoka nje kupunga upepo, mwenye kibanda anahangaika na jenereta, na filamu inasimuliwa upya pale barazani na vijana wenye vipaji kuliko waigizaji. Kibanda hichohicho Jumamosi kinaonyesha mpira wa Uingereza, na dakika 45 zikiisha wachezaji wanakwenda kupumzika robo saa. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba mapumziko yameharibu mechi.

Kuna jambo lingine ambalo nashangaa halitajwi katika mji wenye Waislamu wengi kama huu. Filamu ndefu ya saa kumi na moja jioni inaimeza Magharibi yote. Ninao rafiki ambao hawaji sinema jioni kwa sababu hiyo tu. Wanangoja ya usiku, au hawaji. Dakika kumi na tano zikipangwa vizuri, mtu anatoka, anaswali, anarudi kwenye kiti chake. Kwa Dar jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, linatofautiana kwa kama nusu saa tu, kwa hiyo hata kupanga si kazi.

Wanaolielewa jambo hili kuliko wote ni Wahindi. Kwao mapumziko yamo ndani ya hadithi tangu inapoandikwa. Mwandishi anajua kabisa kwamba katikati taa zitawaka, kwa hiyo anaijenga nusu ya kwanza ipande mpaka mahali ambapo hutaki kutoka lakini unatoka, na ukiwa kwenye foleni ya soda kichwa kinaendelea kuchemka. Om Shanti Om ya 2007, ya Shah Rukh Khan, nusu ya kwanza inaishia shujaa amekufa. Amekufa kweli! Unatoka nje unajiuliza sasa hiyo saa iliyobaki wataonyesha nini. RRR ya 2022 ndiyo iliyonimaliza: marafiki wawili wanageukiana, wanyama wakali wanafunguliwa kwenye karamu ya gavana Mwingereza, moto, maji, chui, halafu skrini inaandika neno la Kiingereza la mapumziko, interval, likiwa na R tatu ndani yake kama jina la filamu. Ile ni sehemu ya ufundi wao. Ukiiondoa umewaibia.

Na huku kwetu inaondolewa. Nilikaa katika ukumbi mmoja wa hapa mjini tukiangalia filamu ya Kihindi, tumefika pale penyewe, muziki umepanda, skrini ikaandika INTERVAL kwa herufi kubwa, watu tukaanza kujinyoosha, mama mmoja mbele yangu akasimama kabisa na pochi yake. Sekunde tano. Neno likafutika, nusu ya pili ikaanza, mama akabaki amesimama gizani hajui akae au aende. Akaenda. Aliporudi alimkuta shujaa amefungwa jela na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia kwa nini.

Nakubali upande wa pili una hoja. Kuna filamu ambazo nguvu yake ni kukubana usipumue, na ukiwasha taa umeimwagia maji. Gravity ya 2013 ni dakika 91, nani atasimamisha dakika 91? Waiache. Pia najua kukata ovyo ni kubaya. Mwaka 2023 baadhi ya kumbi za Ulaya ziliamua zenyewe kuweka mapumziko ndani ya Killers of the Flower Moon, na wenye filamu wakazikataza. Kwa kweli hapo nilikuwa upande wa wenye filamu, kwa sababu mwenye ukumbi hawezi kuchagua kwa saa ya ukutani mahali pa kuikata kazi ya mwongozaji Scorsese. Lakini tatizo hilo dawa yake iko mikononi mwa waongozaji. Brady Corbet ametengeneza The Brutalist, 2024, dakika 215, na ndani yake ameweka mwenyewe dakika 15 za mapumziko, saa inahesabu kurudi nyuma kwenye skrini juu ya picha ya zamani ya harusi. Ukiona zimebaki mbili unajua ni wakati wa kurudi. Basi, yameisha. Kama mtu anataka kunikalisha zaidi ya saa tatu, achague mwenyewe mahali pa kuniachia.

Uswisi, Uturuki na Iceland bado kuna kumbi zinazopumzika katikati, na sijasikia kwamba sinema kwao imekufa.

Wenye kumbi watasema muda ni pesa. Sawa, tuhesabu pesa. Ukumbi ukionyesha filamu ndefu mara nne kwa siku, mapumziko ya dakika 12 ni dakika 48 kwa siku nzima. Punguzeni matangazo ya mwanzo, mtazipata bila jasho. Halafu biashara ya sinema dunia nzima inajulikana: sehemu kubwa ya tiketi inakwenda kwa wenye filamu, faida ya ukumbi iko kwenye bisi na soda. Sasa mnanifungia ndani saa tatu na ushee nikiwa na watoto wawili waliomaliza bisi zao kabla hata ya matangazo kuisha, na hamnipi nafasi ya kununua tena? Nikitoka katikati ya filamu nakwenda mbio chooni na kurudi, sina muda wa foleni. Nikipewa dakika 12, nitanunua. Sitapenda bei, lakini nitanunua.

Simu nazo. Kila mtu anachukia ile taa ya bluu inayowaka safu mbili mbele yako wakati wa kilio. Mimi pia. Lakini mtu aliyemwacha mtoto mgonjwa nyumbani na dada wa kazi hawezi kukaa saa tatu bila kuangalia simu, na kumwekea bango la kumkataza hakumwondolei wasiwasi. Mpe dakika chache katikati apige, aulize homa imeshuka, arudi atulie. Hata wale wa WhatsApp tu wasio na mgonjwa wangepunguza.

Na zaidi ya choo, bisi na simu, kuna lile la shangazi. Sinema za kwenye mall ni safi, viti vinalala, sauti inatikisa mbavu, nami nazipenda. Ila tunaingia hatujuani na tunatoka hatujuani. Filamu ikiisha kila mtu anakimbilia maegesho au kituo cha bajaji. Hakuna mahali popote katika mpango ule ambapo mtu usiyemjua anaweza kukugeukia akasema, hivi wewe unamwamini yule mwanamke? Zamani swali hilo lilikuwa na dakika zake.

Kwa hiyo kwa msimamizi yeyote wa ukumbi hapa mjini: anzeni na za Kihindi, Jumamosi jioni. Mahali pa kusimama pameshachaguliwa na aliyeitengeneza, neno limeshaandikwa kwenye skrini, mnachotakiwa ni kubonyeza na kuwasha taa. Na pale nje ya mlango, kando ya mashine ya bisi, mwekeni mtu mwenye sambusa za moto.