Kifaransa cha Nyumbani ni Krediti za Chuo

Mzazi aliyehamia Marekani kutoka Kongo au Burundi akiambiwa kwamba mwanawe anaweza kupata krediti za chuo akiwa bado sekondari, huenda akashtuka, maana anachosikia ni mkopo. Krediti hapa si deni. Ni kipimo cha masomo: kozi moja kwa kawaida ina krediti 3, na shahada ya kwanza huhitaji zipatazo 120. Krediti iliyopatikana kwa mtihani ni ada ambayo familia haitailipa tena.

Mtihani unaotajwa zaidi shuleni ni AP (Advanced Placement), wa kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari. Mwanafunzi husoma kozi mwaka mzima, hufanya mtihani mwezi Mei, kisha hupata alama kati ya 1 na 5. Ni mpango mzuri kwa aliyeanza mapema. Lakini kijana aliyefika darasa la 10 au la 11, na bado anapambana na Kiingereza, mara nyingi hapangiwi kozi hizo kabisa. Hapo ndipo ninapotofautiana na washauri wengi wa shule: wanapima Kiingereza anachokosa na kuacha Kifaransa alicho nacho.

Kijana huyo aanze na CLEP ya Kifaransa, mtihani wa kupata krediti za chuo kwa kile mtu anachokijua tayari. Haihitaji kusoma kozi yoyote kwanza. Ni mtihani wa kompyuta wa dakika 90 hivi, wenye maswali ya kuchagua jibu: sehemu mbili za kusikiliza na moja ya kusoma. Hakuna insha wala kuzungumza. AP ya Kifaransa, kwa upande wake, inadai kujibu barua pepe, kuandika insha ya hoja na kulinganisha tamaduni kwa sauti kwa dakika mbili. Anayeelewa redio na gazeti la Kifaransa lakini hajaandika insha kwa miaka mitatu atafanya vizuri zaidi kwenye CLEP.

Alama za CLEP huanzia 20 hadi 80. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, linapendekeza krediti 6 kwa alama 50 ya Kifaransa, na 9 kwa alama 59. Tofauti ya alama tisa tu inabeba kozi nzima, kwa hiyo asiende kufanya mtihani siku anayobahatisha 50. Akikosa, atasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia. Majibu yasiyo sahihi hayapunguzi alama, hivyo asiache swali wazi.

Ada haipungui dola 90, na kituo cha mtihani huongeza yake. Shirika la Modern States lina kozi za bure mtandaoni, na anayemaliza kozi anaweza kuomba vocha ya kulipia mtihani. Watu wengi hulipa mfukoni bila kujua hilo.

Sasa, yanayoharibika. La kwanza ni jina. Familia za wakimbizi mara nyingi zina karatasi zenye majina yaliyopinduliwa, la ukoo mbele kwenye hati moja na nyuma kwenye nyingine. Jina la usajili lazima lilingane na la kitambulisho, la sivyo mtoto anarudishwa mlangoni, au alama zake zinafika chuoni na kukosa mwenyewe.

La pili ni zito zaidi: kufanya mtihani kabla ya kusoma masharti ya chuo. ACE inapendekeza tu. Chuo ndicho kinachoamua. Vyuo vingi vya binafsi vyenye majina makubwa havipokei CLEP. Dartmouth, kimojawapo cha vyuo hivyo, iliacha kutoa krediti hata kwa AP, ikabakiza kumruhusu mwanafunzi kuanza kozi ya juu. Vyuo vya umma ni vikarimu zaidi, na jimbo la Illinois lina sheria inayovitaka vitambue alama 3 ya AP. Hata krediti ikikubaliwa, uliza inaingia wapi. Ikitimiza sharti la lugha, imeokoa kozi mbili au tatu. Ikiwekwa kwenye masomo ya hiari ambayo mtoto hana haja nayo, haimpunguzii hata muhula.

Hesabu nazo zinataka tahadhari. Aliyepata 3 ya AP Calculus akaruka kozi ya kwanza anaweza kukwama kwenye ya pili. Anayelenga udaktari aulize mapema, kwa sababu vyuo vingi vya tiba havitaki AP ichukue nafasi ya kozi za sayansi.

Kwa mwenye AP, achague chuo kimoja cha kupokea alama bila malipo kabla ya Juni 20. Baadaye kila ripoti inalipiwa. Na kabla ya kujiandikisha kwa mtihani wowote, mzazi na mtoto wafungue tovuti ya chuo wanachokilenga, watafute jedwali la krediti kwa mitihani, kisha wamwandikie msajili barua pepe wakiuliza krediti hizo zitatimiza sharti gani. Jibu lake walihifadhi.