Sikukaliwa na Mama Mkwe, Nilikaliwa na Gari

Naomba tuliweke sawa mapema, maana hadi jana jioni ile video ya mtaani, inayosemekana ni ya mtu aliyekaliwa na mama mkwe wake, ilishafika kwa shemeji yangu aliyeko Sumbawanga, na yeye huwa hana hata bando. Sikukaliwa na mama mkwe. Nilikaliwa na gari. Mama mkwe alikuwa ndani ya gari. Hizo ni kesi mbili tofauti, na jirani yangu aliyeirusha kwenye kundi la mtaa anajua hivyo vizuri sana, kwa sababu alikuwa amesimama palepale na simu yake na wala hakuinama hata kunipa mkono.

Miguu inayoonekana ni yangu, ndiyo. Kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani, ndiyo, zote zangu. Na ile sauti inayotoka uvunguni ikisema "Lisizimwe!" ni mimi pia. Tulieni.

Wanaonifahamu wanalijua Disco langu. Ni gari, Land Rover Discovery 4, dizeli, injini ya V6 ya lita tatu, nililipata likiwa limeshatumika, na tangu liingie getini mke wangu analiita mke mwenzake. Sevisi ya mwisho fundi alinipa karatasi ya gharama, nikaanza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Nikajiapiza: safari ijayo namwaga oili mwenyewe, nyumbani, Isyesye, hapa Mbeya, mbele ya watoto wangu waone baba yao ni mtu wa namna gani. Wameona.

Halafu msinidharau. Nimekulia Mafinga, kwenye malori ya mbao. Oili ya Fuso nimeanza kuimwaga nikiwa darasa la sita. Lakini Fuso ni gari lisilo na mawazo. Lina springi za chuma, ukiliacha juu utalikuta juu, unaweza kuingia chini yake na kikombe cha chai ukasubiri oili ichuruzike mpaka tone la mwisho. Disco halina springi. Linakaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo, lina kompresa yake ya kuijaza na vali za kuutoa, na katikati ya viti vya mbele kuna swichi ya vimshale. Mshale wa juu, gari linanyanyuka kwa ajili ya njia mbovu. Wa chini, linarudi chini. Kwa kawaida tumbo lake liko sentimita 18.5 kutoka ardhini, ukilipandisha linafika 24. Namba hizi nilikuwa sizijui kabla ya Jumamosi. Sasa nazijua kwa mwili.

Jumamosi basi. Julai ya Mbeya, saa moja na nusu asubuhi, mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, mbwa wa jirani amejikunja kama chapati. Oili nilishanunua sokoni Mwanjelwa, ya aina ya 5W-30, karibu lita sita ndizo linazokunywa. Kila fundi atakwambia oili imwagwe ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake, na kwa baridi ile ilikuwa imeganda kama uji wa jana. Nikawasha injini ipate joto. Nikawasha na hita, sijui kwa nini, mkono tu. Nikabonyeza mshale wa juu, Disco likanyanyuka taratibu, likasimama kama askari wa gwaride. Nikachungulia uvunguni nikaona nafasi ilivyo pana. Nikajiuliza, sasa jeki ya nini?

(Wewe fundi unayesoma hapa umeshika kichwa, endelea kukishika. Bado.)

Nia yangu haikuwa kumwaga oili injini ikiwa inaunguruma, sijafika huko. Nilitaka tu kuangalia boliti za ile plastiki inayofunika injini kwa chini ni za spana namba ngapi. Dakika mbili, natoka, nazima, naanza kazi. Nikatandaza boksi la friji, nikalala chali, nikajisukuma na visigino mpaka tumbo likawa chini ya injini kabisa. Nilipita bila kugusa popote. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimepungua.

Sasa, mama mkwe alikuwa amekuja Alhamisi kutoka Tukuyu kumwona mjukuu, na mkungu wa ndizi na maparachichi ya kutosha mtaa mzima. Mtu wa Tukuyu huwezi kumtisha kwa baridi, lakini yeye anasema baridi ya Tukuyu ina maji, ya Mbeya ina meno. Asubuhi ile alitoka ndani na vitenge viwili na koti langu la mtumba, mkononi kikombe cha chai, akakuta gari linaunguruma, vioo vimefunga, ndani joto. Hakuna aliyemwambia kuna mtu chini. Na yeye angejuaje? Kwao gari linalounguruma lina dereva, na dereva hukaa kwenye usukani.

Mimi nilisikia mlango umefungwa, pu! Gari likatikisika kidogo. Nikajua ni mke wangu amefuata chaja yake.

Kilichotokea juu mnakijua kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ameyatoa kanisani, sokoni na kwenye simu: miguu ilikuwa inamganda, akaona kimshale kinaelekea chini, akakibonyeza ili moto ushuke miguuni.

Na kwa kweli ukilifikiria, ana hoja.

Huku chini nikasikia "sssss". Nikadhani tairi. Nikageuza shingo kulia, tairi zima. Kushoto, zima. Nilipourudisha uso juu, nikaona ile plastiki inasoma jina langu. Ilikuwa na tope kavu la barabara ya kwetu, na kwenye lile tope kulikuwa na unyoya mmoja mweupe wa kuku, na ule unyoya ulikuwa unakuja. Haukuja kwa haraka. Ungekuja kwa haraka nisingepata muda wa kuwaza. Ulikuja kama kuku anavyolalia mayai, anajiweka, anajipanga, anajiweka tena. Tumbo ndilo lililopokea wageni kwanza. Mnakumbuka suruali ya harusi, siku ile unajaribu kuivaa tena baada ya miaka kumi? Pale unapovuta pumzi ndani ili zipu ipite? Nikaivuta pumzi ndani. Gari likaichukua ile nafasi. Nikaja kutaka kuitoa pumzi, mahali pa kuitolea hapakuwepo.

Ndipo nikafanya kosa. Kwa sauti yote iliyobaki kifuani nikafoka: "Wewe mwanamke! Una akili kweli wewe? Acha kuchezea gari!"

Kimya. Halafu kutoka juu ikashuka sauti ya upole, ya mtu mzima, inayouliza: "Ni nani huyo?"

Ndugu zangu. Nimewahi kukimbizwa na nyuki Mufindi. Nimewahi kushuka Mlima Nyoka na gari breki zinanukia. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kusikia sauti ile. Kwa sekunde kadhaa nilisahau kabisa kwamba nimebanwa, nikawa nawaza tu nitawaambia nini wazee wa upande ule, na mahari yenyewe sijamaliza. Na ulimi, wenyewe, bila kuniuliza, ukatoa kitu pekee unachojua kumwambia mama mkwe asubuhi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama mama. Wewe umeamkaje?"

"Nimeamka baba, baridi tu. Uko wapi, mbona nakusikia kwenye redio?"

"Niko chini hapa, mama."

"Chini wapi?"

Akafungua mlango ili anisikie vizuri. Na gari likaacha kushuka. Hapohapo, kimya, kama mtu aliyekatizwa maneno. Kumbe mlango ukifunguliwa wakati linapanda au kushuka, linasimama. Waliolibuni kule Uingereza walikaa kwenye meza yao wakamwaza mtu kama mimi. Mungu awape maisha marefu.

"Chini ya gari, mama. Nimebanwa kidogo."

"Ee Kyala! Pole baba. Unatengeneza?"

"Natengeneza, mama."

"Haya, kazi njema." Akafunga mlango. Baridi.

Sssss.

Nikamwita tena. Akafungua tena. Likasimama tena. Kwa heshima zote nikamwambia mama, nakuomba, mlango huo usiufunge. Akasema baba, baridi inaingia. Nikasema naelewa, mama. Akasema angalau niuegeshe. Nikasema mama, usiuegeshe. Akasema wanaume wa siku hizi mnataka kuniua na kifua. Nikanyamaza, maana sikuwa na kifua cha kujibia, changu kilikuwa na gari juu yake. Akaufunga polepole, kwa adabu, akidhani tatizo lilikuwa ni kelele za mlango.

Sentimita tano na nusu zile nilizipokea kwa awamu tatu, kama mkopo wa kikundi. Awamu ya tatu ndiyo iliyoivua kandambili ya kijani, sijui kwa nguvu ipi, maana miguu ilikuwa nje muda wote.

Mke wangu alitoka alipomsikia mama yake anaongea peke yake garini. Akainama, akaniona, akasema "Baba Tusa!" kwa uchungu kabisa, halafu akakaa chini kwenye majani akacheka mpaka kitenge kikafunguka. Sina kinyongo. Tumeapa mengi kanisani ila hilo halikuwemo. Yeye ndiye aliyemwita jirani, na jirani akaja na simu, na nyuma yake vijana wa bodaboda kutoka kijiweni, wakashika bampa wakahesabu moja, mbili, tatu, wanataka kunyanyua tani mbili na nusu kwa mikono mitupu. Gari halikusogea, ila mmoja alijamba, na hilo jirani amelikata kwenye video. Mjue basi anavyohariri.

"Zima gari!" mtu akasema. "Lisizimwe!" nikajibu, maana likizimwa hapo chini ndiyo makazi yangu. Njia ilikuwa moja tu: milango yote ifungwe, mke wangu akae kwenye usukani, abonyeze mshale wa juu. Sasa fikiria wewe ndiye uliye chini, na kilichokuwa kinakuokoa asubuhi yote ni mlango kuwa wazi, na ni wewe mwenyewe unatakiwa useme "fungeni milango". Nilisema. Nilisema taratibu, baada ya kuhakikisha kwa kuuliza mara mbili ni kidole cha nani kilichopo kwenye swichi.

Pu. Kompresa ikaanza kukoroma, "mmmmmm". Gari likaanza kupanda, ila kwa nyuma! Likainua makalio kwanza, pua imebaki palepale juu yangu, mimi nasikia watu wanashangilia kwamba limepanda, na mimi sijaona mabadiliko yoyote maishani mwangu. Nilijua nimekwisha. Kumbe ndivyo linavyopanda: nyuma kwanza, mbele baadaye. Pua ilipoanza kunyanyuka, vijana wakanivuta miguu nikatoka na boksi la friji limegandia mgongoni, imeandikwa HII UPANDE WA JUU kwa Kichina, nadhani.

Mengine ni mafupi. Tumbo lina michirizi ya ile plastiki mpaka leo. Mtoto anasema nafanana na mkate wa kukata. Jumatatu nikalipeleka gari kwa fundi yuleyule wa karatasi ndefu, nikamweleza, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Aliporudi akaniuliza, na zile stendi za chuma za kushikilia gari juu hukuweka hata moja? Halafu akafungua boneti, akanionyesha filta ya oili ilipo: juu, katikati ya injini, inatazama mbinguni. Akachukua pampu yenye mpira mwembamba, akaupitisha kwenye tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akainyonya oili yote chafu huku amesimama, mkono mmoja mfukoni. Hakuingia chini hata mara moja. Nililipa bila kupunguziwa.

Na yale niliyomfokea mama hajayasema kwa mtu. Au hakuyasikia, au anayatunza, na mimi nikimwangalia usoni siwezi kujua ni lipi. Jumanne alipokuwa anaondoka nikamwambia mama, nitakupeleka mwenyewe na gari mpaka Tukuyu. Alikuwa ameshafunga mzigo wake, ameuweka kichwani. Akaliangalia Disco, akaniangalia tumbo, akasema, "Hapana baba. Nipeleke tu hapo stendi ya Nane Nane kwa bajaji. Nitapanda Kosta. Ile haikaagi."