Florida State 2023: Walishinda Uwanjani, Wakashindwa Mezani

Sisi tuliokulia kwenye soka tunazijua pointi za mezani: timu inalala na ushindi, asubuhi inakuta kikao kimeupindua. Lakini hata kwetu kikao hutafuta kosa kwanza, labda mchezaji asiye na leseni, au timu iliyogoma kuingia uwanjani. Florida State hawakuwa na kosa. Kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani msimu wa 2023 walicheza mechi 13, wakashinda 13, na Desemba 2 wakatwaa ubingwa wa ligi yao ya ACC kwa kuipiga Louisville 16-6. Kesho yake kamati ya watu 13 iliyokutana Grapevine, Texas, ikataja timu nne za kuwania ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State wakawekwa nafasi ya tano. Katika misimu yote kumi ya mfumo ule wa timu nne, hakuna bingwa mwingine wa zile ligi tano kubwa aliyeachwa nje bila kupoteza hata mechi moja.

Kisa ni mguu wa Jordan Travis. Kwotabeki huyo, mrusha pasi ambaye mashambulizi yote huanzia mikononi mwake, aliumia Novemba 18 kwenye mechi ya 11 na msimu wake ukaishia pale.

Kamati haikukurupuka. Kanuni zake zinairuhusu kuangalia kukosekana kwa wachezaji muhimu, na bila Travis ushambuliaji ulipwaya kweli: dhidi ya Louisville, Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, alipata yadi 55 tu za pasi mechi nzima. Siku hiyohiyo Alabama iliiangusha Georgia 27-24, Georgia iliyokuwa imeshinda mechi 29 mfululizo. Mwenyekiti Boo Corrigan alisema Florida State haikuwa tena timu ile ya wiki 11 za mwanzo, na sioni uongo hapo. Kama ni mkeka, hata mimi ningeiweka Alabama.

Lakini mkeka ni mkeka. Alabama hiyohiyo ilifungwa nyumbani na Texas 34-24 mwezi Septemba, na wiki moja kabla ya kukutana na Georgia iliponea kwa Auburn kwenye jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kupoteza mpira, yadi 31 zikihitajika, sekunde zikihesabika. Wakati huo Florida State walikuwa wameifunga LSU ya Jayden Daniels, mchezaji bora wa vyuo mwaka ule, 45-24. Halafu, ushindi wa 16-6 unasomwaje kama udhaifu tu? Kumzuia mpinzani asivuke pointi 6 kwenye fainali nako ni kucheza mpira. Mwaka 2014 Ohio State waliingia kwenye nne bora na kwotabeki wao wa tatu, Cardale Jones, wakabeba kombe. Watetezi wa kamati hujibu kwamba Ohio State, wakiwa na Jones huyohuyo, walikuwa wameichapa Wisconsin 59-0. Sawa, ila hapo tumeshaacha kuhesabu ushindi, tunapima mvuto wake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ile ya 63-3. Desemba 30, kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu isiyohusu ubingwa wa taifa mwaka ule, Georgia iliwafumua Florida State kwa matokeo hayo, na tangu siku hiyo ukiutaja msimu wao mtu anakurushia 63-3 kama risiti. Risiti ya nini? Wachezaji zaidi ya 20 hawakuwepo. Jared Verse, Keon Coleman na Trey Benson walikaa nje kujilinda kwa ajili ya NFL, ligi ya kulipwa, na huwezi kuwalaumu vijana waliokwisha kuambiwa kwamba ushindi wao hautoshi. Timu iliyopigwa siku ile si ile iliyoizima Louisville; ilivaa jezi zake tu. Uamuzi wa kamati ndio uliowatawanya, kisha mtawanyiko huo ukageuzwa ushahidi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi.

Wapo wanaosema Georgia nayo iliachwa nje, mbona wachezaji wake wengi walibaki? Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Ila Georgia ilijua ilipopotelea: uwanjani, kwa pointi tatu. Kidonda hicho kinatibika kwa mechi inayofuata.

Wenye Alabama wana karata moja nzuri zaidi ya 63-3: kwenye nusu fainali walikwenda muda wa ziada na Michigan, wakafungwa 27-20, na Michigan ndiyo ikawa bingwa. Kwa hiyo kamati haikuchagua timu mbovu. Sijawahi kusikia mtu akisema hivyo. Malalamiko yalikuwa ni ya nani alistahili kupewa nafasi ya kujaribu.

Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, watu waone timu ni zaidi ya kwotabeki. Ukiipigia hesabu kauli hiyo, inauma. Ungevunjika Septemba, wenzake wangekuwa na miezi miwili ya kujieleza uwanjani. Ungevunjika siku moja baada ya majina kutangazwa, wangekuwa wameshapita. Ulivunjika zikiwa zimebaki mechi mbili, na zote mbili walishinda.