Vituo vya kuzunguka darasani: faida iko kwenye meza ya mwalimu

Mtoto wa darasa la 5, katika skuli moja ya Wete, Pemba, alishikilia kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne. "Maalim, si nane kubwa kuliko nne?" Tulikuwa tumekaa meza moja, yeye na wenzake 14. Nikakata boflo vipande vinne mbele yake, kisha kila kipande nikakikata kati. Akalishika pande la robo mkono mmoja na kile kidogo mkono wa pili, akavitazama, akafuta jibu lake bila kuambiwa. Mtoto huyu nilikuwa nikimsomesha tangu Januari. Siku zote aliitikia "ndiyo maalim" pamoja na darasa zima, nami nikaamini kafahamu.

Nilimgundua kwa sababu siku hiyo nilijaribu vituo vya kuzunguka. Darasa linagawiwa makundi matatu: moja linakaa na mwalimu, la pili linafanya kazi pamoja kwa daftari na vifaa, la tatu linajifunza kwa kompyuta au kishikwambi. Muda ukifika, makundi yanabadilishana. Watafiti wa elimu wa Marekani, Michael Horn na Heather Staker, waliuorodhesha mtindo huu mwaka 2012 miongoni mwa aina za ufundishaji unaochanganya mwalimu na teknolojia. Kwetu mtoto kuhama kona hadi kona si jambo geni. Skuli za maandalizi za mpango wa Madrasa, unaosaidiwa na Mfuko wa Aga Khan, zina kona za kujifunzia tangu miaka ya 1990, tena bila waya wowote.

Wanaoupinga wana hoja nzito, na nyingi nimezionja. Chukua kipindi cha dakika 40. Kuhama mara mbili, kwa watoto 45 waliobanana kwenye madawati, kunakula dakika 6 kwa uchache. Toa 4 za kuanza na kufunga somo. Zinabaki 30, yaani 10 kwa kila kituo, na mtoto anayeandika polepole anaondolewa hajamaliza hesabu ya pili. Skuli ikiwa ya mikondo miwili, madawati lazima yarudi kwenye mistari kabla ya wa jioni kuingia.

Lakini linaloniuma zaidi ni lugha. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, na programu nyingi zimo katika lugha hiyo hiyo. Kwenye kituo cha kishikwambi mtoto yuko peke yake na maneno asiyoyajua. Anabonyeza jibu hili, anabonyeza lile, mpaka alama ya kijani inatokea. Ukimuuliza kajifunza nini, anakuonesha ile kijani. Kwa hiyo anayesema vishikwambi vitaziba upungufu wa walimu, mimi simfuati hata kidogo.

Hata hivyo kuuacha mtindo wote kwa sababu hizo ni kosa. Vile vituo viwili vingine kazi yake kubwa ni kuwashughulisha watoto 30 kwa jambo la maana, ili mwalimu awasikie 15. Nikiliona hivyo, mengi yanapungua uzito. Hakuna haja ya kuzunguka vituo vyote vitatu katika kipindi kimoja: kundi moja likae na mwalimu Jumatatu, la pili Jumanne, la tatu Jumatano. Watoto wabaki kwenye madawati yao, mwalimu na vifaa ndivyo vihame. Umeme ukikatika, kituo cha kishikwambi kinageuka cha kadi za maswali zilizoandikwa kwa mkono. Na yale maneno ya Kiingereza yafafanuliwe kwa Kiswahili kwenye meza ya mwalimu siku moja kabla kundi halijashika kifaa.

Ili muda utoshe, kinachohitajika kwanza ni vipindi viwili vya Hisabati vinavyofuatana, walau mara moja kwa wiki. Ratiba hiyo hupangwa ndani ya skuli yenyewe, na haingoji mfadhili.