Mgongo huanza kabla ya mkono
Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu ubongo na mwendo anasema kila kiungo kina sehemu yake kwenye ubongo, mkono kwake, mguu kwake, kana kwamba kila kimoja hupangiwa safari peke yake. Ramani hiyo ya viungo ipo, daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield na mwenzake waliionyesha mwaka 1937, na vidole na midomo vina eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Ila mimi nimevua dagaa hapa Mwanza miaka sita: ukitaka kurusha kamba toka mtumbwini, nyayo zinakandamiza ubao na kiuno kinakaza kabla mkono haujanyanyuka. Ubongo umeshajua chombo kitayumba. Mgeni wa kazi hudumbukia na kamba yake (mimi mara mbili, usiku wa giza, karabai zinanicheka). Wapiga kasia wa Kirumba hapa Mwanza, ninyi mnaanzia begani au unyayoni?