Maneno Kwanza au Sura Kwanza? Tovuti ya Mshauri Elekezi wa Mtwara

Mama mmoja wa Ligula, mjini Mtwara, ambaye ni mshauri elekezi wa vyama vya msingi vya ushirika katika ubora wa korosho na utunzaji wa maghala, aliamua kuijenga upya tovuti yake, na mafundi wawili wakamletea njia mbili zisizofanana. Wa kwanza alimwonyesha violezo vitano vilivyo tayari ili achague sura inayompendeza, rangi zipangwe, kisha maneno yaje baadaye kujaza nafasi zilizokwisha kuchorwa. Wa pili hakumwonyesha chochote. Alimwomba aandike kwanza, katika karatasi za kawaida, kila jambo ambalo angependa msomaji alijue na kwa mfuatano gani, ndipo uchoraji uanze. Niliitwa katika mashauri hayo kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri maandishi, na tangu siku ya kwanza niliegemea upande wa fundi wa pili. Hata hivyo, fundi wa kwanza ana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi watu wa maneno.

Hoja yake kubwa ni imani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na B. J. Fogg, walitoa matokeo ya utafiti uliowashirikisha watu zaidi ya 2,600, ambao walitakiwa kulinganisha tovuti na kueleza kwa nini wanaiamini hii kuliko ile. Karibu asilimia 46 ya maoni yao yaligusia muonekano, yaani mpangilio, rangi, na ukubwa wa herufi. Mshauri hana duka ambalo mteja ataingia na kupekua bidhaa kabla ya kulipa. Anachouza ni uamuzi wake, na uamuzi hauonekani mpaka kazi ifanyike. Kwa hiyo ukurasa uliochakaa, wenye picha zilizovutwa na herufi zinazogongana, unamshusha hadhi kabla sentensi ya kwanza haijasomwa.

Nakubali. Lakini watu wa utafiti ule walikuwa wakitazama tovuti wasizozijua, na hapo macho hushika kile kilicho karibu. Mteja wa mama huyu hafiki kwake kwa namna hiyo. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya Tandahimba hupewa jina lake na katibu mwenzake wa Newala, au na mwendesha ghala aliyeona kazi yake msimu uliopita. Kwa upande wa taasisi za umma, zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ulioanza kutumika mwaka 2023, na hakuna tovuti nzuri inayoweza kumpa mtu zabuni nje ya mfumo huo. Anayefungua tovuti yake, basi, tayari ana jina mkononi na ana swali moja au mawili moyoni: je, huyu amewahi kulishughulikia tatizo kama letu, na tukimwita atafanya nini hasa? Maswali hayo hujibiwa kwa maneno, na kiolezo hakina maneno ya kumjibu.

Tuchukue mfano wa sentensi iliyokuwa juu kabisa ya ukurasa wake wa zamani: «Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa masuluhisho bunifu na endelevu kwa wadau wa mnyororo wa thamani.» Iliandikwa kujaza sanduku pana lililokuja na kiolezo, na inaweza kuwekwa kwenye tovuti ya mtu yeyote, awe anauza mbolea au anachimba visima, bila kubadilishwa neno. Fundi wa pili alipomtaka aandike kwanza, mama alikwama siku mbili. Kisha akafungua simu yake, akapitia ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa na makatibu wa vyama katika misimu miwili, na akaanza kunakili maswali yao. Lililojirudia kuliko yote lilikuwa la korosho kukataliwa ghala kuu kwa sababu ya unyevu, wakati wakulima wamekwisha kupima na kuandikiwa kilo zao chamani. Sentensi mpya ikazaliwa hapo: «Tunakagua korosho zenu kabla hazijapelekwa ghala kuu, na kuwaeleza ni magunia yapi yarudishwe juani.» Mtu wa Mtwara, ambako mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kuwekwa ghala kuu kwa stakabadhi na kuuzwa kwa mnada, umekuwa ukitumika tangu mwaka 2007, hahitaji ufafanuzi zaidi. Anajua gunia likirudishwa chamani kutoka ghala kuu ni nani atakayeulizwa.

Upo ushahidi wa zamani kidogo unaounga mkono badiliko hilo. Mwaka 1997 watafiti wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen na mwenzake John Morkes, walijaribu namna mbalimbali za kuandika ukurasa uleule. Waligundua kwamba asilimia 79 ya watu waliowapima hupitisha macho tu juu ya ukurasa mpya, na ni asilimia 16 pekee wanaosoma neno kwa neno. Walipopunguza maneno hadi nusu, ukurasa ukawa rahisi kutumika kwa asilimia 58 zaidi. Walipoondoa majigambo na kubakiza maelezo ya wazi, asilimia 27 zaidi. Na walipounganisha ufupi, uwazi na mpangilio wa kupitika kwa macho, asilimia 124. Wanaotanguliza sura hupenda kuitaja ile asilimia 79 kama ushahidi kwamba maneno hayasomwi. Mimi nasoma takwimu hizo kinyume: majigambo yaliondolewa kwa kalamu, na msomaji akanufaika papo hapo.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, na ambalo kwetu lina uzito wa pekee, ni urefu wa maneno ya Kiswahili. Violezo vingi huchorwa kwa maneno ya Kiingereza, au kwa yale maneno ya kujazia nafasi yaliyotokana na andiko la Kilatini la Cicero la mwaka 45 kabla ya Kristo, yakakatwakatwa hadi yakapoteza maana. Mchoro hupendeza kwa sababu maneno ni mafupi na yamesawazishwa. Halafu huja Kiswahili chenyewe. Katika kiolezo alichokuwa amekichagua mama, safu ya juu ilikuwa na vitufe vitano. Palipoandikwa «Tunavyovisaidia vyama», kwenye kioo cha simu neno la kwanza lilikatika katikati, «Tunavyovisai» likabaki juu na «dia» likaanguka chini, likagusa picha. Fundi wa kwanza alipendekeza neno fupi zaidi. Mama alikataa, nami nilimuunga mkono, kwa sababu kitenzi kile kilibeba mtendaji, namna na mtendewa kwa pamoja, na kukifupisha kulimaanisha kuandika «Huduma», neno lisilomwambia katibu chochote. Maneno yakitangulia, fundi hulipima neno refu kuliko yote na kuchora kitufe kinachoweza kulibeba.

Vivyo hivyo kuhusu lugha mbili. Mama ana wateja wa aina mbili: viongozi wa vyama, wanaosoma Kiswahili kwenye simu na kwa bando la kuhesabu, na maofisa wa miradi ya wafadhili, wanaosoma Kiingereza wakiwa mezani. Kiolezo hulimaliza suala hilo kwa vibendera viwili pembeni, kana kwamba ukurasa mmoja ukigeuzwa lugha utawatosha wote. Alipokaa kuandika, ilidhihirika kwamba ofisa wa mradi anataka kujua mbinu, muda na namna ya kuandaa ripoti, ilhali katibu anataka kujua kama atafika kabla ya mnada na gharama zitalipwa na nani. Hizo ni kurasa mbili, kila moja na mpangilio wake. Ugunduzi huo peke yake, kwa maoni yangu, ulistahili siku zote zilizotumika kuandika.

Siku hizo, hata hivyo, zilikuwa nyingi, na hapa ndipo fundi wa kwanza anastahili kusikilizwa. Mshauri ni mtu wa safari. Leo yuko Nanyamba, kesho Ruangwa, na uandishi huahirishwa. Kazi iliyopangiwa wiki tatu ilikaribia miezi mitatu, na minada ya korosho, inayoanza kwa kawaida Oktoba, haimsubiri mtu. Kiolezo kina faida ya kumpa mwenye tovuti kitu cha kutazama, na wapo watu ambao hawawezi kuandika mpaka waone mahali maneno yatakapokaa. Ningelianza upya, nisingedai maneno yote. Ningedai ukurasa mmoja tu, ule wa makatibu, ukamilike kwanza, uchorwe, urushwe hewani, na mengine yafuate.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ninaikiri kwa uzito. Kutanguliza maneno humfanya mtu asahau kwamba si kila ushahidi ni maneno. Mama aliandika aya mbili ndefu kueleza namna ubora wa korosho unavyopimwa: sampuli huchukuliwa, korosho huhesabiwa katika kilo moja, hukatwa, viini vizima hutengwa na vilivyooza na vilivyosinyaa, kisha uzito wa viini hukokotolewa kwa pauni katika gunia la kilo 80. Zilikuwa aya sahihi na za kuchosha. Picha moja aliyokuwa nayo kwenye simu, ya korosho zilizopasuliwa na kupangwa mezani kwa safu, viini vyeupe upande huu na vyeusi upande ule, ilizifanya aya zile zisihitajike, zikabaki mistari mitatu chini ya picha. Tungeliiweka picha hiyo mezani siku ileile tulipoweka karatasi, tungeliokoa wiki nzima. Ninaposema maneno kwanza, basi, nakusudia hoja kwanza, na picha inayothibitisha hoja ihesabiwe kuwa sehemu yake.

Kabla ukurasa haujarushwa, nilimshauri mama ampigie simu katibu mmoja anayemfahamu na kumsomea maneno yote kuanzia juu. Katibu alisikiliza kimya mpaka kwenye kichwa cha sehemu ya pili, «Uhakiki wa ubora», akamkatiza.

«Samahani, Mama. Huo uhakiki ndio kule kupasua korosho na kutazama kiini?»

«Ndio huohuo, mwanangu.»

«Basi andika kupasua, tutaelewa.»

Mama akaandika «Kupasua na kupima korosho zenu», na fundi akakipanua kichwa kile kwa mstari mmoja zaidi.