Selotepu Mara Nane

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Shemeji yangu ni Mchaga wa Kibosho. Kwa hiyo ndani ya lile behewa mmoja alikulia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, mwingine kwenye mbege, pombe ya ndizi, na wote wawili tuliaibishwa na pombe ya zabibu.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Dada na mumewe wanaishi Trier, Ujerumani, nami nilikwenda kumwona mtoto. Siku ya tatu shemeji akaniambia, "Shem, huwezi kufika bonde la Mosel ukaishia kubadilisha nepi. Twende Cochem tukaonje mvinyo." Dada akaguna, ila akaturuhusu.

Njiani sikubanduka dirishani. Mizabibu ya kule haikupandwa shambani, imebandikwa ukutani. Pale Bremm kuna mlima unaitwa Calmont ambao mteremko wake unafika nyuzi 65. Mkulima akiteleza, nadhani atafika mtoni kabla ya kofia yake.

Cochem tukaingia chumba cha chini ya ardhi wanakohifadhi mvinyo, tukapangiwa glasi sita, kila moja mafunda mawili, na ndoo ya kutemea. Kutema! Bibi yangu hakuruhusu kumwaga hata machicha. Nikameza zote. Mwenye mvinyo akaeleza kwamba Riesling ya pale, mvinyo wao mweupe, hubeba ladha ya yale mawe ya sleti yaliyojaa mashambani, akaniuliza mimi nimesikia ladha gani. Nikamwambia shemeji amtafsirie: ule udongo wanaotafuna wajawazito. Nilidhani nitafukuzwa. Mzee wa watu akafurahi, akanijazia glasi ya saba mpaka pomoni.

Hiyo ya saba ndiyo naisingizia kwa yaliyofuata.

Nje palikuwa na kibanda kinachouza Federweißer. Huo ni mvinyo mchanga ambao bado unachacha, una ukungu kama maji ya kuoshea mchele, unapatikana msimu wa mavuno tu na hunywewa kwa pai la vitunguu. Nikanunua chupa na pai. Muuzaji akanieleza maneno mengi, akaisimamisha chupa wima mezani, akaigonga kwa kidole. Shemeji alikuwa kwenye simu. Mimi nikaitikia "ja, ja."

Hatua chache mbele nagundua kifuniko kimelegea. Wajerumani na sifa zao zote za ufundi! Nikakifanyia kama tunavyofanya dumu la asali la kupanda nalo basi: kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kaza, kisha selotepu mara nane. Selotepu haikosi kwenye pochi yangu. Nikailaza chupa mkobani, tukapanda hadi ngome ya Reichsburg, tukapiga picha, tukashuka, jua likiwaka muda wote.

Jioni tukapanda treni. Mkoba nikauweka juu, kwenye rafu ya mizigo. Ukitoka Cochem kwenda Trier unapita handaki la Kaiser-Wilhelm, zaidi ya kilomita 4 chini ya mlima. Tulikuwa katikati yake.

PAAA!

Kisha mvua. Mvua ya chachu, inayonukia kama mkate mbichi, ikichuruzika kutoka rafuni hadi kwenye koti la kijivu la mzee mmoja nadhifu. Kifuniko kilitua viti vinne mbele, selotepu yake mwilini.

"Pole! Pole sana baba, samahani!" Kijerumani chote kilishakimbia. Shemeji aligeukia dirishani akatazama giza la handaki, hanijui simjui.

Mzee akapitisha kidole shavuni, akakilamba. "Federweißer," akasema, kwa upole wa mtu anayetaja jina la marehemu. Bibi wa kiti cha pili akauliza jambo, behewa zima likaangua kicheko.

"Anasemaje?" nikamvuta shemeji shati.

"Anauliza pai liko wapi."

Lilikuwepo, limelowa chapachapa. Tukawagawia.

Usiku nikampigia mama Iringa, nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo.

"Dumu la ulanzi tunalifungaje?"

"Tunalilegeza kifuniko, mama."

"Ehee. Hebu nipe huyo Mchaga niongee naye."